KIONJO CHA MUVI YA KUTISHA: JINSI YA KUKISOMA KABLA HUJATOA PESA YAKO



Kuna siku nilimchukua mdogo wangu twende kuangalia picha la kutisha. Kionjo chake tulishakiangalia kafe kama mara nne hivi, tumegawana hedifoni, yeye sikio la kushoto mimi la kulia. Tukajibana wiki mbili tukapata hela ya tiketi. Taa zikazimwa, muvi ikaanza, na dogo naye akaanza: "Kaka, sasa hivi mlango unajifunga." Mlango ukajifunga. "Sasa huyu mama anaburutwa." Mama akaburutwa. Mpaka nani atapona alikuwa anajua, maana kwenye kionjo kulikuwa na kipande cha dada mmoja anatembea barabarani asubuhi, shati lina damu. Basi kila dada yule alipotaka kuuawa, dogo anatafuna bisi tu, hana habari. Asubuhi ile haijafika, atakufaje? Tulipotoka akaniambia, "Bora tungenunua chipsi kuku."

Tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia hivi vionjo vinatengenezwaje na mtu avisome vipi. Yafuatayo ndiyo niliyokusanya. Wale wapenzi wa picha za kutisha na za mafumbo, makala hii ihifadhini, itawasaidia.

KIONJO NI NINI HASA?

Kionjo, au trela kama wengi tunavyoita, ni tangazo la biashara. Hilo ndilo la kwanza kuelewa. Aliyekitengeneza analipwa ili wewe utoe hela, basi. Jina lenyewe la trela ni lile lile la tela la lori, yaani kitu kinachofuata nyuma. Zamani kilikuwa kinaonyeshwa baada ya picha kuisha. Watu wakawa wanainuka na kuondoka, ndipo kikahamishiwa mwanzoni. Kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kilionyeshwa New York mwaka 1913. Nils Granlund, mtu wa matangazo wa kumbi za Marcus Loew, alikitumia kutangaza mchezo wa jukwaani uitwao The Pleasure Seekers. Kwa hiyo hata muvi yenyewe haikuwa!

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi mwongozaji wa muvi siye anayetengeneza kionjo. Kuna kampuni maalumu za kazi hiyo. Zinapewa vipande huku muvi yenyewe bado inahaririwa, ndiyo maana unaweza kuona kitu kwenye kionjo halafu kwenye muvi usikikute. Mfano maarufu ni Paranormal Activity 3 ya mwaka 2011. Kionjo chake kilijaa matukio ambayo hayakuwemo kabisa kwenye muvi iliyoonyeshwa ukumbini. Watu walikaa wanayasubiri mpaka mwisho.

AINA ZAKE

1. Kionjo kifupi. Kinatoka mapema, pengine mwaka mzima kabla. Mara nyingi hakina hadithi, kina picha moja au mbili na jina. Hiki ndicho salama zaidi kwa asiyependa kuharibiwa utamu.

2. Kionjo kamili. Hiki huwa kama dakika mbili na nusu. Mwaka 2014 chama cha wenye kumbi za sinema Marekani kilitoa mwongozo kwamba visizidi dakika mbili, ila ulikuwa wa hiari. Hatari yote iko humu.

3. Kionjo cha mwisho. Hutoka wiki chache kabla ya muvi. Studio ikiwa na wasiwasi kwamba watu hawatakuja, hapa ndipo inamwaga kila kitu mezani. Mimi hiki sikigusi kabisa.

Halafu angalia rangi mwanzoni. Vionjo vya Marekani huanza na kibao cha kijani au chekundu. Chekundu maana yake ni cha watu wazima. Kijani kinasema kionjo hicho kimekubaliwa kwa watazamaji wanaostahili, ila hakisemi lolote kuhusu muvi yenyewe. Muvi ya kuchinjana inaweza kuwa na kionjo cha kijani, kwa hiyo usimwite mtoto wa dada yako kisa umeona kijani.

MKASI UNAVYODANGANYA

Mwaka 2005 kijana mmoja wa New York, Robert Ryang, aliyekuwa msaidizi wa mhariri wa picha, alichukua The Shining ya Stanley Kubrick (1980) akaitengenezea kionjo kipya. Wale ambao hamjaiona, The Shining ni habari ya baba anayepandwa na wazimu ndani ya hoteli iliyofungwa wakati wa baridi na kuwakimbiza mke na mtoto wake kwa shoka. Ryang hakupiga picha hata moja mpya. Alichagua vipande ambavyo baba anacheka na mtoto anacheza, akaweka sauti ya msimulizi mchangamfu na wimbo wa Peter Gabriel. Ikatoka muvi ya familia yenye furaha, baba anayejifunza kumpenda mwanawe! Ilisambaa kwenye mtandao kama moto wa nyika.

Mwaka uliofuata, 2006, mtu mwingine aitwaye Chris Rule akafanya kinyume chake. Alichukua Mary Poppins, muvi ya watoto ya Disney ya mwaka 1964, akaifanya ionekane ni ya mchawi anayewatesa watoto. Yaya yule yule na mwavuli ule ule, ila sasa unaogopa kumwangalia.

Zitafuteni zote mbili, ziko mtandaoni, kila moja ni ya dakika moja na kidogo. Ukishaziona hutakiangalia kionjo kwa macho yale yale tena, kwa sababu umeona mtu ana mkasi na muziki tu, na anaweza kukuuzia mbuzi kwa jina la ng'ombe.

SAUTI NDIYO INAYOKUTISHA

Fanya jaribio hili hapo hapo ulipo. Fungua kionjo chochote cha kutisha, halafu toa hedifoni. Utashangaa jinsi kinavyopungua makali. Mchezo wenyewe ni wa zamani: kimya kwanza, kimya kirefu, unasogelea kioo ili usikie, halafu BAAAM! Hapo umeogopa kelele, kama vile ambavyo ungeruka mtu akipasua puto nyuma yako. Kelele ya namna hiyo haihitaji hadithi nzuri wala mwigizaji mzuri. Kionjo chenye mishtuko sita ya namna hiyo hakijakuambia kama muvi inatisha kweli.

Zamani kulikuwa pia na ile sauti nzito ya msimulizi. Mfalme wake alikuwa Don LaFontaine, aliyefariki Septemba 2008 akiwa ameshasoma vionjo zaidi ya 5,000. Waliokulia vibanda umiza vya Dar wanaelewa nguvu ya jambo hilo, maana walimsikia Lufufu akisimulia picha za nje kwa Kiswahili, na wengine walikwenda kwa ajili ya sauti yake kuliko picha yenyewe.

Siku hizi mtindo ni kuchukua wimbo watu wanaoujua na kuupunguza mwendo mpaka unatisha. Mfano mzuri ni Us ya Jordan Peele, ambayo steringi wake ni dada yetu Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya. Kionjo kilitoka siku ya Krismasi 2018 na kilitumia I Got 5 on It, wimbo wa hip hop wa Luniz wa mwaka 1995 ambao watu walikuwa wanauchezea disko. Ulipopunguzwa mwendo ukawa kama wimbo wa mazishi. Kionjo kile kilionyesha familia inayovamiwa na watu wanaofanana nao sura kwa sura, lakini watu hao ni akina nani na wametoka wapi, hakikugusa. Muvi ilipotoka Machi 2019, fundo la mwisho lilikuwa bado zima. Sisemi ni nini, kaangalieni.

WALIOJUA KUFICHA

Alfred Hitchcock ndiye mwalimu wa wote. Kionjo cha Psycho (1960) ni cha zaidi ya dakika sita na karibu hakina kipande cha muvi. Ni yeye mwenyewe, mzee mnene ndani ya suti, anawatembeza watazamaji ndani ya nyumba na moteli kama dalali wa vyumba. Anakaribia kusema kilichotokea, anajizuia, anahamia chumba kingine. Mwisho anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga kelele. Hata huyo mwanamke ni Vera Miles aliyevaa wigi, siyo Janet Leigh unayemwona bafuni kwenye muvi.

Kionjo cha The Shining cha mwaka 1980 ni picha moja tu: milango ya lifti, halafu damu inamwagika kama mto. Cha Alien (1979) hakina hata neno moja la mazungumzo. Ukimaliza kuviangalia umeogopa, lakini ukiulizwa hadithi huna la kujibu.

Kwa picha za mafumbo kuna Se7en (1995). Kevin Spacey ndiye muuaji, na jina lake halikuwekwa kwenye matangazo wala mwanzoni mwa muvi ili usianze kumsubiri. Na Scream (1996) walicheza mchezo mwingine. Walimweka Drew Barrymore mbele kwenye matangazo, kila mtu akadhani ndiye steringi, kumbe anauawa mwanzoni kabisa. (Nimeanika, najua, lakini ni muvi ya 1996, siri imeshaisha muda wake!)

Miaka ya karibuni ufundi huo umerudi. Barbarian (2022) ya Zach Cregger ilionyesha kwenye kionjo dada aliyefika usiku kwenye nyumba ya kupanga Detroit akakuta kuna mwanaume tayari, na mlango uko chini ya nyumba. Basi. Nusu ya pili ya muvi ilifichwa karibu yote. Longlegs (2024) ilificha sura ya Nicolas Cage kwenye vionjo vyote. Badala yake kampuni ilitoa kipande chenye mapigo ya moyo ya mwigizaji Maika Monroe alipomwona Cage kwa mara ya kwanza akiwa kwenye mavazi yale: kutoka 76 hadi 170 kwa dakika! Muvi iliyogharimu chini ya dola milioni 10 ikaingiza zaidi ya milioni 120. Na Weapons (Agosti 2025), ya huyo huyo Cregger, ilikupa swali moja tu: watoto 17 wa darasa moja wanatoka nyumbani kwao saa 8 na dakika 17 usiku, wanakimbilia gizani. Kwa nini? Kionjo kinanyamaza.

Kuficha, kwa hiyo, kunaleta hela. Anayeanika kila kitu asikuambie kwamba biashara inamlazimisha.

WALIOANIKA NA WALIODANGANYA

Quarantine (2008) ilichukua picha ya mwisho kabisa ya muvi, ile ya dada anayeburutwa gizani, ikaiweka kwenye kionjo na kwenye bango. Ukikaa ukumbini unajua dakika ya mwisho itakuwaje kabla ya dakika ya kwanza.

The Village ya M. Night Shyamalan (2004) kosa lake lilikuwa tofauti. Iliuzwa kama picha la zimwi la msituni. Watu wakaenda kutafuta zimwi, wakakuta hadithi ya mapenzi na siri za wazee wa kijiji. Muvi haikuwa mbaya, mimi naipenda, ila waliolipia zimwi walikasirika na haki yao.

Kisha kuna lile neno la "tukio la kweli". Hapa kuweni makini sana. The Blair Witch Project (1999) ilianza na tovuti iliyodai vijana watatu wamepotea msituni, na watu wengi waliamini. The Fourth Kind (2009) ilivuka mpaka zaidi. Mwigizaji Milla Jovovich anatokea mwenyewe na kusema haya ni ya kweli, na kwenye mtandao zikawekwa habari za uongo zilizobandikwa majina ya magazeti ya Alaska. Magazeti yakalalamika na studio ikakubali kulipa fidia. Kwa hiyo ukiona maneno hayo, yachukulie kama chumvi kwenye mboga, na chumvi siyo ushahidi.

Je, sheria inasemaje? Kuna kesi Marekani ya watu wawili waliokodi Yesterday (2019) kwa dola 3.99 kila mmoja kwa sababu walimwona Ana de Armas kwenye kionjo, kumbe alishaondolewa kwenye muvi. Desemba 2022 jaji alisema kionjo ni tangazo la biashara na kinaweza kushtakiwa kwa kudanganya. Baadaye kesi yao haikufika mbali. Kwa ufupi hakuna atakayekurudishia hela yako, jilinde mwenyewe.

WATOTO NA HEDIFONI

Hili naliomba mlisome hata kama mengine mmeruka. Aprili 2018 huko Perth, Australia, ukumbi mmoja ulionyesha kwa bahati mbaya kionjo cha Hereditary kabla ya Peter Rabbit, muvi ya sungura. Watoto walilia, wazazi wakawatoa mbio. Agosti mwaka huo huo YouTube iliondoa tangazo la sekunde chache la The Nun kwa sababu lilimrushia mtu sura ya kutisha bila onyo wakati anasubiri video nyingine.

Kafe zetu zina watoto wanaokuja kufanya kazi za shule, na kioo chako wanakiona. Mtoto wa miaka saba hajui kwamba ni mkasi na muziki. Kaa kona, geuza kioo, na usimfanyie mdogo wako ule utani wa "njoo uone kitu hapa". Usiku ni wewe utakayemsindikiza chooni.

VIONJO FEKI

Hili ni janga la sasa. Mtu anachukua vipande vya muvi za zamani, anaongeza picha za akili mnemba, anaandika jina la muvi ambayo haijapigwa hata picha moja, unapoteza bando lako. Machi 2025 YouTube ilikata malipo ya matangazo kwa chaneli mbili kubwa zilizokuwa zinaishi kwa mchezo huo. Lakini wapo wengine kibao. Dalili zake:

- Haiko kwenye chaneli ya studio au ya muvi yenyewe.
- Kichwa kina maneno kama "wazo" au "kimetengenezwa na shabiki", tena kwa herufi ndogo mwishoni.
- Nyuso zinabadilika kidogo kila kipande, vidole havieleweki.
- Steringi hafungui mdomo kusema lolote linalohusu hadithi.
- Hakuna tarehe ya kutoka, hakuna mwongozaji.

HATUA ZA KUFUATA

1. Anza na chanzo. Studio kwanza, chaneli ya mitaani baadaye. Punguza ubora mpaka 360p, bando litakushukuru.

2. Angalia kionjo kifupi kwanza. Kikikutosha, ishia hapo.

3. Kionjo kamili kina sehemu tatu: watu wanafika mahali, kitu kinaharibika, halafu fujo ya vipande vya haraka haraka. Ukifika kwenye fujo, simamisha. Mwisho wa muvi umejificha mle, kama yule dada wetu wa shati la damu.

4. Angalia mara ya pili bila sauti. Jiulize, bado kuna kitu kinachonisumbua? Kikiwepo, muvi ina uhai.

5. Soma majina. "Kutoka kwa watayarishaji wa..." haina uzito sawa na "kutoka kwa mwongozaji wa...". Mtayarishaji anaweza kuwa alitoa hela tu.

6. Jiulize umebaki na swali au umebaki na jibu. Picha ya fumbo inayokupa jibu dakika ya pili haina cha kukuuzia.

7. Usisome maoni chini ya kionjo. Kuna mtu huko ameshaiona na roho yake ni mbaya.

Na hapa nyumbani je? Watu wa Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi wanakumbuka jinsi majini ya Kibongo yalivyotunyima usingizi miaka ya 2000, na hatukuhitaji lifti ya damu. Anayetengeneza muvi leo hapa kwetu ana mtandao ule ule wa kurushia kionjo chake. Ombi langu kwake ni moja tu: atuachie kitu cha kukikuta ndani.

Dogo wangu siku hizi ananikataza kumwonyesha kionjo chochote kinachozidi dakika moja. Weapons tuliingia na lile swali la watoto 17 tu. Safari hii hakunong'ona. Alinishika mkono wa shati, mtu mzima na ndevu zake, mpaka taa zikawashwa.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kionjo kilichowahi kumtapeli, atiririke hapo chini.